Kwa nini kivuli kidogo huacha kovu kwenye paneli ya sola ya utando?

Kivuli cha nguzo kikipita juu ya paneli ya silikoni, umeme hushuka, kikiondoka unarudi. Kwenye paneli ya utando mwembamba, hasa ya CIGS (shaba, indiamu, galiamu na seleniamu), kivuli huweza kuondoka na hasara ikabaki.

Chanzo ni umbo la seli. Paneli ya kawaida ya silikoni ina seli 60 au 72 na dayodi tatu za mchepuko. Kundi la seli likizibwa, mkondo hupita kando. Utando hupakwa kwenye kioo kizima, kisha leza huukata kuwa mistari mirefu ya upana wa sentimita moja hivi au pungufu, kila mmoja ukiwa seli moja, yote kwa sirizi (mkondo uleule hupita kila mmoja kwa zamu). Katikati ya mistari hamna pa kuunga dayodi. Mara nyingi ipo moja tu, ya paneli nzima.

Mstari mmoja ukifunikwa, mingine huendelea kuusukumia mkondo hadi volti yake inageuka kinyume. Silikoni huvumilia volti kumi na kitu za namna hiyo. CIGS huweza kusalimu amri kwa chache tu, yaani kuuachia mkondo upite. Tena haiachii kila mahali sawasawa: mkondo hukimbilia doa lenye kasoro, doa linaungua, na kovu linatambaa kama njia ya mchwa. Sekunde kadhaa zinatosha. Doa hilo sasa ni shoti ndogo ya kudumu, na hasara yake huonekana zaidi jua likiwa hafifu.

Kwa hiyo angalia kivuli kimelalaje kabla ya kuuliza ni kikubwa kiasi gani. Kikikata mistari yote na kufunika moja ya kumi ya kila mmoja, unapoteza takriban moja ya kumi ya umeme, basi. Kikilala sambamba na mistari, hapo ndipo pa kuogopa.

Pale maelekezo ya mtengenezaji yanaporuhusu, funga paneli mistari ikielekea juu-chini. Vumbi hukusanyika ukingo wa chini: mistari ikiwa imelala, ukanda wa tope wa sentimita moja tu unazika seli nzima.

Wakati wa kuosha, kivuli chako kinapopita juu ya paneli, inveta iwe imezimwa kwanza. Bila mzigo hakuna mkondo wa kusukumwa. Na fundi anayepima ampea za shoti (mkondo wa paneli ncha zake mbili zikiunganishwa moja kwa moja) asisimame akaitia paneli kivuli, kwani paneli iliyopigwa shoti ndiyo inayoukandamiza zaidi mstari uliofunikwa.