Kabla Hujafuata Petroli Nafuu, Piga Hesabu

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, inapotangaza bei kikomo mpya za mafuta, simu yangu haitulii. Nafundisha ufundi wa magari hapa Mwanza, na swali huwa lilelile: "Mwalimu, kituo gani wamepunguza?"

Bei kikomo ni dari. Kituo hakiruhusiwi kuivuka, ila kiko huru kuuza chini yake. Kila wilaya ina dari yake kwa sababu gharama ya kusafirisha imo ndani ya bei. Meli hushusha mafuta Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na kutoka Dar hadi hapa lori hutembea zaidi ya kilomita 1,100. Kwa hiyo hatuwezi kulipa sawa na mtu wa Kariakoo, na wa Ukerewe atalipa zaidi yetu. Bei ya eneo lako utaipata bure kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo. Kituo kinalazimika kuweka bango la bei linaloonekana vizuri na kukupa risiti ya kielektroniki. Itunze: ukienda kulalamika kwamba umezidishiwa bei au umeuziwa mafuta mabaya bila risiti, utasikilizwa kwa heshima tu.

Sasa hesabu. Tuseme unakaa Nyegezi, lita ni shilingi 3,000, ukasikia Kisesa wameshusha 50. Unajaza lita 40, umeokoa 2,000. Lakini kwenda na kurudi hakupungui kilomita 30; gari inayotembea kilomita 10 kwa lita imekunywa lita 3 njiani, yaani 9,000. Kama una safari zako za Magu na kituo kiko njiani, jaza bila kusita. Kufunga safari kwa ajili ya bango, hapana.

Wapo pia wanaoamka alfajiri kujaza, wakiamini petroli ya baridi ni nzito. Ni kweli petroli hutanuka, takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Ila matangi ya vituo yamefukiwa ardhini na joto la humo halibadilikibadiliki. Lala usingizi wako. Ukifika kituoni, hakikisha pampu imeanzia sifuri na ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu.

Pesa yenyewe iko kwenye mguu wako wa kulia, na huwezi kuiona usipopima. Jaza tangi hadi pampu ijikate, andika kilomita zilizoko kwenye dashibodi, tembea wiki nzima, jaza tena vilevile. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza: 420 kwa lita 35 ni 12. Rudia mara tatu ndipo uamini namba. Siku itakaposhuka hadi 10 bila sababu, angalia upepo wa matairi, kisha breki zinazobana, kisha eyakilina (chujio la hewa) iliyojaa vumbi. Nimeona daladala nyingi zikipelekwa kwa fundi kusafishwa injini wakati tairi mbili za nyuma zilikuwa zimelala.

Mji wetu ni wa vilima, kwa hiyo niseme neno kuhusu miteremko. Ukishuka kutoka Bugando, usiweke free (gia huru) ukidhani unabana matumizi. Gari nyingi za sasa zenye mfumo wa kompyuta, zikiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, hukata petroli kabisa. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka free, inabidi injini inywe ili isizimike. Pikipiki za kabureta hazina ujanja huo, lakini nazo gia huzisaidia breki. Na kuzima gari kabisa mteremkoni ni kucheza na roho za abiria: breki huwa nzito, usukani huwa mgumu.

Wavuvi nao wasisahaulike, maana kwa mwenye mtumbwi wa dagaa petroli ni mzigo kila usiku. Mtumbwi wa mbao una mwendo wake wa mwisho. Ukifika hapo, ukizidisha moto unakuza wimbi la nyuma tu. Chombo hakiongezi kitu. Rudisha mkono kidogo mpaka wimbi lilale, utachelewa soko la samaki la Mwaloni kwa dakika chache tu. Ubao wa chini ukiota utelezi na majani, mashine huvuta mzigo usioonekana, kwa hiyo pandisheni chombo mchangani mkisugue. Kwa mashine zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili, fuateni kitabu chake: ikiwa ni 50 kwa 1, dumu la lita 20 linataka mililita 400, zipimwe kwa chupa yenye alama. Kukisia kwa jicho ndiko kunakochafua plagi, na plagi chafu inakula petroli kabla hamjafika hata kwenye dagaa.