Mwache Mbwa Wako Anuse

Mtazame mbwa anaponusa mahali alipopita mwenzake. Pua inachezacheza, na huvuta hewa mara tano au zaidi kwa sekunde. Pumzi inayotoka hairudi kwa njia ilikoingilia, hutokea kwenye mipasuko midogo iliyo pembeni mwa pua. Kwa hiyo haiipeperushi ile harufu anayoifuata, bali husaidia kuvuta nyingine mpya.

Ndani ya pua, sehemu ya hewa hiyo haiendi mapafuni. Huelekezwa nyuma, penye vifupa vyembamba vilivyojikunja na kujaa seli za kunusia. Sisi binadamu tunakadiriwa kuwa na milioni 5 au 6 za seli hizo. Mbwa wa aina fulani hufikisha hata milioni 300. Juu ya kaakaa ana pia kiungo cha Jacobson, ambacho humpa habari za wanyama wenzake, kama jike aliye tayari kupandwa.

Uwezo huu unatuhusu moja kwa moja. Huko Gambia watoto wa shule walivalishwa soksi usiku kucha, soksi zikapelekwa Uingereza, mbwa waliofundishwa wakazinusa. Walitambua asilimia 70 ya soksi za watoto waliokuwa na vimelea vya malaria. Watoto hao hawakuwa na homa wala dalili yoyote! Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Kwa mtu aliyekulia penye malaria, hilo si jambo dogo. Kwetu pia, mbwa wa kunusa wanasaidia kukamata pembe za ndovu bandarini Mombasa na Dar es Salaam.

Wafugaji wengi hutuuliza: pua ikikauka, mbwa anaumwa? Si lazima. Akiamka usingizini au akiota jua, pua hukauka, naye huirambaramba ikarudi kuwa na ute unaonasa harufu. Mlete kwa daktari wa mifugo ukiona damu, usaha, kidonda, chafya zisizokoma, au makamasi yanayotoka tundu moja tu.

Joto nalo huidhoofisha pua. Mbwa anayehema mdomo wazi ili apoe hawezi kunusa sawasawa, kwa hiyo mbwa wako anahitaji kivuli na maji safi mchana kutwa.

Linalonisikitisha ni mbwa wa nyumbani kufungwa mnyororo toka asubuhi hadi usiku, ananusa udongo uleule. Wengi wanaobweka ovyo na kutafuna milango wanakosa kazi ya kufanya. Mtoe asubuhi kabla jua halijawa kali, kamba iwe ndefu, na akisimama kwenye kichaka usimvute. Mpe muda amalize. Siku usiyoweza kutoka, ficha vipande vya chakula chake uani, kwenye majani na nyuma ya ndoo, kisha mfungulie avitafute mwenyewe.