Kunoa ujuzi wa kazi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ushauri mwingi kuhusu kwenda na wakati kazini unauchukulia ujuzi kama kitu kimoja kinachochakaa chote kwa pamoja. Hauko hivyo. Chukua uhasibu: kanuni ya kuingiza kila muamala pande mbili imo vitabuni tangu 1494 na bado inasimama. Viwango vya taarifa za fedha hubadilika kila baada ya miaka kadhaa. Programu ya kompyuta inaweza kubadilika mara kadhaa ndani ya mwaka. Mtu asiyetenganisha tabaka hizi ama hukimbizana na kila kipya, ama hakimbizani na chochote. Dhana nyingi zilizo hapa chini zinaanzia hapo.

Dhana: "Nina miaka ishirini kazini, nitafundishwa nini tena?"

Uzoefu humpa mtu jicho la kuona tatizo kabla halijakomaa, na hilo halina ubishi. Ila haunoi upande ambao kazi ya kila siku haikulazimishi kuugusa. Mwaka 2005 watafiti walipitia tathmini 62 zilizotazama miaka ya daktari kazini na ubora wa huduma yake. Zaidi ya nusu zilionyesha ubora ukishuka kadiri miaka ilivyozidi.

Huduma ya kwanza kwa mtu ambaye moyo wake umesimama inaonyesha vizuri jinsi hali hiyo inavyotokea. Aliyefunzwa kwa mwongozo wa zamani alianza kwa kufungua njia ya hewa na kupuliza pumzi, kisha akakandamiza kifua. Mwaka 2010 American Heart Association, chama cha afya ya moyo cha Marekani, iligeuza mpangilio huo, kifua kikawa cha kwanza. Mwaka 2015 ikaweka mipaka kwa mtu mzima: mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha angalau sentimita 5 na kisichozidi 6. Aliyekuwa hodari kabla ya hapo bado ana mikono isiyotetemeka, lakini anafuata utaratibu uliokwisha kubadilishwa, na hakuna aliyemgonga bega kumwambia.

Njia ya kujikagua ni rahisi. Andika kazi kumi unazofanya mara nyingi. Mbele ya kila moja weka mwaka uliojifunza namna unayoifanya, kisha taja waraka unaothibitisha kwamba ndivyo inavyofanywa leo. Mstari ambao hauna waraka, au ambao jibu lake ni "ndivyo tunavyofanya siku zote", ndio wa kuanza nao.

Dhana: "Mabadiliko huja ghafla, huwezi kujiandaa"

Yapo yanayoingia bila kupiga hodi. ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali na kuandika, ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, ofisi nyingi zilijikuta nayo kabla ya kuwa na sera yoyote. Lakini mabadiliko mengi yanayomwacha mtu nyuma hutangazwa mapema mno. Adobe ilisema Julai 2017 kwamba Flash, programu yake ya kuonyesha video na michezo kwenye tovuti, ingefika mwisho wake mwishoni mwa 2020. Toleo la tatu la Python, lugha ya kuandikia programu, lilitoka Desemba 2008, na la pili likaachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, yaani miaka kumi na moja baadaye. Bado kuna walioanza kuhamisha mifumo yao wiki za mwisho.

Viwango vya uhasibu vina mwendo huo huo. IFRS 18, kiwango cha kimataifa kinachobadilisha mpangilio wa taarifa ya faida na hasara, kilitolewa Aprili 2024 na kinaanza kutumika kwa vipindi vya hesabu vinavyoanza 1 Januari 2027 au baadaye. Hapa ndipo watu wanapoteleza: kwa kuwa taarifa hubeba takwimu za mwaka uliotangulia kwa kulinganisha, kampuni inayofunga hesabu Desemba lazima takwimu zake za 2026 nazo zipangwe kwa muundo mpya. Anayesubiri 2027 ndipo afungue kitabu amechelewa kwa mwaka mzima.

Kila taaluma ina mahali taarifa hizi hukaa: ratiba za mwisho wa matoleo ya programu, rasimu za viwango zilizowekwa wazi kwa maoni, waraka wa msimamizi wa sekta. Tenga nusu saa kila mwezi upitie vyanzo vitatu au vinne hivi, na tarehe uzionazo ziingize kwenye kalenda pamoja na kikumbusho cha miezi sita kabla. Habari za mitandaoni hazifanyi kazi hii, maana hukuza kilicho kipya na kunyamazia kinachokufa.

Dhana: "Nikiongeza vyeti, nimeongeza ujuzi"

Cheti kinathibitisha kwamba siku fulani ulivuka mtihani fulani. Kinasaidia pale sheria au zabuni inapokidai, na pale usipojulikana kabisa. Vingine vina uhai wenye kikomo: mwenye PMP, cheti cha usimamizi wa miradi, kwa mfano, hudaiwa pointi 60 za kujiendeleza kila miaka mitatu, na kosa la kawaida ni kuzikusanya zote miezi ya mwisho kwa kusikiliza mihadhara isiyohusiana na kazi yake. Pointi zinatimia, mtu anabaki alipokuwa.

Dhana: "Nikirudia kusoma mara nyingi, itakaa"

Mwaka 1885 mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichokariri hupotea ndani ya siku ya kwanza, kisha kasi ya kusahau hupungua. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha waliorudia kusoma na waliofunika maandishi wakajaribu kukumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki, walikumbuka takriban asilimia 42, na wenzao waliojipima asilimia 56. Ndiyo maana kozi inayotazamwa mfululizo wikendi moja humpa mtu hisia ya kuelewa, kisha Jumatatu ya pili anakwama.

Basi robo ya muda iwe ya kusoma, robo tatu ya kutenda bila kuchungulia. Rudia zoezi hilo kesho yake, baada ya wiki, na baada ya mwezi. Zoezi liwe dogo na litoke kwenye kazi halisi. Kwa mfano, una ripoti ya Excel inayotumia VLOOKUP, fomula ya kutafuta thamani kwenye jedwali. Kwenye fomula hiyo safu wima ya jibu hutajwa kwa namba, kwa hiyo mtu akiingiza safu mpya katikati ya jedwali, namba inabaki ile ile na jibu linachotwa kwenye safu isiyo yake, mara nyingi bila onyo. Kuibadilisha kwa XLOOKUP, ambayo huelekezwa kwenye safu yenyewe, kunaondoa tatizo hilo. Halafu unagundua jambo ambalo kozi nyingi hulipita: mwenzako mwenye Excel 2016 au 2019 hana fomula hiyo, na faili ikikokotoa upya kwake itamtolea kosa la #NAME?. Mambo ya namna hii hujifunzwa kwa kutenda tu.

Tahadhari moja: usifanye mazoezi ya nyumbani kwa data ya mwajiri. Tengeneza ya kubuni au chukua data ya wazi, hasa kama unataka kuionyesha kazi hiyo kwenye wasifu wako.

Dhana: "Nijifunze kinachovuma"

Kinachovuma na kinacholipwa hupishana. Kusanya matangazo 20 ya nafasi unayoitaka, uyahifadhi kama faili kwa sababu hufutwa. Soma sehemu ya majukumu kabla ya sehemu ya sifa: sifa mara nyingi huwa orodha ya matamanio iliyonakiliwa kutoka tangazo la zamani. Ondoa yaliyojirudia, maana mawakala tofauti hutangaza nafasi ile ile na kuvuruga hesabu. Kisha hesabu. Kinachotajwa kwenye nusu ya matangazo ni msingi, na ukikikosa huna hoja. Kinachotajwa mara mbili tatu, kiweke alama na ukitazame tena baada ya miezi sita. Kikiongezeka, anza.

Dhana: "Akili mnemba itajua kwa niaba yangu"

Inaandika haraka, na inakosea kwa ufasaha ule ule inaopatia. Mwaka 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hoja zilizonukuu kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Kilichokosekana pale kilikuwa ukaguzi wa kawaida kabisa: kufungua hifadhi ya kesi na kutazama kama ipo. Kwa hiyo kujua kuhakiki kumepanda thamani, na anayeachia mashine kila hatua ya msingi hupoteza polepole uwezo wa kuona ilipokosea. Kazi mpya ifanye mwenyewe mara mbili tatu kwanza, ndipo uikabidhi mashine.

Dhana: "Mafunzo ni jukumu la mwajiri"

Mwajiri hulipia anachokihitaji yeye kwa mwaka huu. Ukitaka alipie cha mwakani, mpe nusu ukurasa: kazi ipi inakwama sasa, kozi ipi, saa ngapi, gharama, na utakabidhi nini ndani ya siku 60 baada ya kumaliza. Akikubali, soma masharti kabla ya kusaini. Mikataba mingi ya mafunzo hudai fedha zirudishwe ukiondoka kabla ya muda fulani, kwa hiyo uliza kama deni linapungua kila mwezi unaobaki au hudaiwa lote hadi siku ya mwisho.