Gofu ya bei nafuu mashambani: kila kilichopunguzwa kina pigo lake

Kazi yangu ni kutunza nyasi za uwanja wa gofu. Wageni wanaokuja kutoka klabu kubwa huniuliza swali lilelile: mbona huku mpira hautulii pale ninapoutua? Jibu lake ni refu, na nimeona niliandike lote hapa, maana anayelielewa hucheza vizuri zaidi kwenye uwanja wa umma wa mashambani na huupenda.

Ada ya uwanja wa namna hii ni ndogo kwa sababu kuna kazi ambazo hazifanyiki. Hazikuachwa kwa uvivu. Maji, mbolea, mchanga wa kutandaza juu ya nyasi, mafuta ya mashine na mikono ya watu ndivyo vinavyomaliza bajeti ya uwanja wowote. Uwanja tajiri hulipia vyote hivyo kuanzia tii, mahali pa pigo la kwanza, hadi shimo. Sisi wa mashambani hulipia grini kwanza, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, kinachobaki kinakwenda kwenye tii, na fewei, njia ya nyasi kati ya tii na grini, tunaiachia mvua na jua. Kila kazi inayoachwa hubadilisha tabia ya mpira kwa namna inayotabirika. Ukijua fedha haikuingia wapi, unajua na pigo la kuchagua.

Maji ndiyo makubwa. Fewei isiyomwagiliwa hukauka wakati wa kiangazi na kuwa ngumu, hasa udongo ukiwa wa mfinyanzi uliokwisha kushindiliwa na trekta miaka nenda miaka rudi. Hapo mpira ukitua unadunda, unadunda tena, kisha unabiringika kufuata mteremko wowote uliopo, hata ule usiouona ukiwa umesimama kwenye tii. Kwa hiyo umbali wa bendera haukutoshi. Jiulize kwanza mpira utue wapi. Bendera ikiwa mita 130 na mdomo wa grini uko mita 120, mimi huutua mpira kwenye mita 105 au 110 na kuuacha utembee wenyewe. Anayelenga bendera moja kwa moja atauona mpira ukigonga grini, ukiruka na kupotelea nyuma yake, na nyuma ya grini za mashambani mara nyingi ndiko kuliko na majani marefu.

Nisisitize kwamba kucheza hivi si mbinu duni ya mtu aliyekosa uwanja bora. Old Course ya St Andrews, uwanja mkongwe wa gofu wa Uskoti, iko juu ya ardhi ya umma, na mpaka leo sifa yake mojawapo ni kumlazimu mchezaji aisome ardhi mbele ya grini, si hewa peke yake. Kuuendesha mpira chini ni ufundi kamili, na uwanja mkavu wa mashambani ni mahali pazuri mno pa kujifunzia.

Mvua ikinyesha mambo hugeuka. Fewei isiyo na mifereji ya chini hushika maji, na mpira huzama kwenye tundu uliolichimba wenyewe. Wengi huupiga hivyohivyo, nao huumia bure. Kanuni ya 16.3 ya gofu inakuruhusu kuuinua bila adhabu ukiwa kwenye eneo la kawaida la uwanja, ukaupangusa na kuuangusha kutoka usawa wa goti, ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka nyuma ya pale ulipozama, bila kusogea karibu na shimo. Mpira uliopakaa tope tu bila kuzama haupati nafuu hiyo, isipokuwa uwanja umetangaza kanuni ya muda ya kuinua na kupangusa. Soma kibao kilichopo karibu na tii ya kwanza.

Sasa grini, mahali ninapotumia sehemu kubwa ya siku yangu. Grini za mashindano makubwa hukatwa hadi karibu milimita 3 au chini yake. Kukata hivyo kunahitaji mashine zenye visu vinavyonolewa kila mara, maji ya uhakika, na mtu wa kuangalia magonjwa ya nyasi kila asubuhi. Ukijaribu hivyo kwenye grini ya uwanja mdogo, nyasi zinakufa ndani ya juma moja la jua kali. Tunakata kwa milimita 5 au 6, na hapo mmea unabaki na jani la kutosha kujilisha. Gharama yake ni kasi.

Kasi ya grini hupimwa kwa kifaa alichokibuni Edward Stimpson mwaka 1935: mfereji mwembamba ambao mpira huteremshwa juu yake, kisha ukapimwa umesafiri umbali gani kwenye sehemu tambarare. Grini yenye kasi ya klabu nzuri hutoa futi 10 hivi. Yetu yaweza kutoa 7. Ukipiga hesabu ya mwendo, mpira unaokwenda umbali uleule kwenye grini ya 7 unahitaji kuanza na kasi iliyozidi kwa takriban asilimia 20. Usiufanyie mkono nguvu kwa ghafla. Rudisha fimbo nyuma zaidi na uache mwendo uleule uliouzoea ufanye kazi.

La pili linasahaulika zaidi. Mpira unaokwenda kwa kasi zaidi hukaa muda mfupi juu ya mteremko, basi hupinda kidogo. Mgeni anayesoma mteremko kwa jicho la grini za kasi hulenga mbali mno na shimo, na mpira hubaki upande wa juu, tena mfupi. Punguza pembe, ongeza mwendo.

Kisha kuna mwelekeo wa nyasi. Kwenye nyasi zinazotambaa, kama bermuda, majani hulala upande mmoja, na yakiwa marefu kidogo athari yake huongezeka. Inama uangalie mdomo wa shimo kwa karibu. Upande mmoja utaona ukingo mkali, wa kijani, kama uliokatwa dakika hii. Upande mwingine umechakaa, una rangi ya kahawia, vijani vimemong'onyoka. Nyasi zimelala kuelekea upande ule uliochakaa. Ukisukuma mpira kuelekea huko utakwenda mbele zaidi. Ukitoka huko kurudi, utakwama mapema. Dalili hii ipo wazi kwenye kila shimo lililokaa siku kadhaa bila kuhamishwa, na kwetu mashimo hayahamishwi kila siku.

Pembezoni mwa grini ndipo raundi nyingi huharibika. Nyasi hapo ni chache, ardhi iko wazi na ngumu, na mchezaji anatoa weji ya nyuzi 56, fimbo yenye uso ulioinama sana, kwa mazoea. Chini ya weji ile kuna uvimbe uliotengenezwa ili isichimbe mchangani. Juu ya ardhi tupu uvimbe huo hudunda, ncha ya fimbo inaupiga mpira tumboni, na mpira unavuka grini nzima. Shika fimbo ya chuma namba 8. Uweke mpira karibu na mguu wa nyuma, uzito uwe mguu wa mbele, mikono itangulie kidogo, upige kama unayesukuma mpira kwenye grini. Mpira unaruka hatua mbili tatu, unatua, unabiringika. Ukiwa hatua chache tu nje ya grini na hakuna majani ya kukwamisha, tumia fimbo ya kusukumia moja kwa moja. Hilo ni pigo la busara, na ningependa walimu wengi zaidi walifundishe mapema.

Banka, yaani mabonde ya mchanga yaliyowekwa kama vizuizi, ni chache huku kwa kuwa mchanga ni ghali kuujaza na kuutunza. Zilizopo zina mchanga mwembamba juu ya udongo mgumu, kwa hiyo usiufungue uso wa fimbo sana. Weji yenye uvimbe mdogo itakufaa zaidi. Jani au kijiti kilicho karibu na mpira unaruhusiwa kukiondoa tangu mwaka 2019, mradi mpira usisogee.

Mifugo hupita kwenye baadhi ya viwanja hivi, na kanuni zinaijua hali hiyo kuliko wachezaji wanavyodhani. Kinyesi cha mnyama ni kitu kisichoshikamana, sawa na jani lililoanguka; kiondoe bila adhabu. Vichuguu vidogo vya sisimizi na udongo uliotolewa na minyoo ni hivyohivyo. Shimo lililochimbwa na mnyama linakupa nafuu bila adhabu. Alama ya kwato kwenye fewei haikupi nafuu, kwa sababu haikuchimbwa. Cheza mpira ulipo. Alama hiyohiyo ikiwa kwenye grini, unaruhusiwa kuirekebisha kabla ya kusukuma. Mpira uliopotelea kwenye majani una dakika 3 tu za kutafutwa, na kwa vile rafu zetu, majani marefu yaliyo pembeni mwa fewei, hukatwa kwa nadra, piga mpira wa pili wa tahadhari kabla hujaondoka kwenye tii.

Kuhusu hendikapu, namba inayoonyesha uwezo wa mchezaji: alama za uwanja mfupi zinahesabika pia, mradi uwanja umepimwa rasmi. Mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020 huupa uwanja kiwango cha ugumu kati ya 55 na 155, na 113 ndicho cha kawaida. Tangu 2024 hata uwanja wa mashimo 18 wenye yadi 1,500 tu unaweza kupimwa. Raundi ya mashimo 9 nayo inakubalika. Hilo limevifungulia mlango viwanja vidogo vingi.

Baadhi ya sehemu kavu sana hazina grini za nyasi kabisa. Hutandazwa mchanga uliochanganywa na mafuta ili usipeperuke, na mchezaji husawazisha njia ya mpira wake kwa chombo kilichoachwa hapo. Hata Pinehurst No. 2, uwanja maarufu wa Marekani, ulikuwa na grini za mchanga hadi katikati ya miaka ya 1930. Mpira hapo huenda polepole na kunyooka. Usukume kwa ujasiri.

Mwisho, unapokuta alama ya mpira kwenye grini, irekebishe hata kama si yako. Chomeka uma pembeni mwa alama na usukume nyasi kuelekea katikati, kisha ugonge juu kwa fimbo. Usiinue udongo kutoka chini, maana hapo unakata mizizi na doa litabaki kavu kwa majuma. Uwanja wenye wafanyakazi wawili hauna mtu wa kupita nyuma yenu. Na ukimwona mmoja wao yuko juu ya mashine kwenye grini iliyo mbele yako, huenda hakusikii kabisa kwa kelele za injini. Subiri ageuke akuone na akupungie mkono, ndipo upige.