Zege Halikauki, Mzee Wangu

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. "Injinia, zege limeshakauka, hata ukilikanyaga halibonyei. Hiyo mirunda bado inangoja nini?" Ilikuwa siku ya nne tangu tumwage slabu. Nikamjibu kwa adabu, maana aliyeuliza ndiye anayelipa. Kisha msimamizi wa mradi, akidhani ananitetea, akaingilia: "Mzee, hapa lazima uchague, haraka au ubora." Mzee aliyekosea kuhusu zege nilimsamehe palepale. Huyu wa pili, aliyesoma, ndiye amenikalisha kuandika.

Suala la zege tulimalize upesi. Zege halikauki, linakomaa. Saruji na maji vinaungana kikemia na kuwa jiwe, na maji hayo si mgeni wa kusubiriwa aage. Zege hukomaa hata likiwa chini ya bahari. Likinyang'anywa maji mapema, kazi inakatikia njiani, ndiyo sababu tunalimwagilia na kulifunika. Ukitunza vizuri zege la saruji ya kawaida, siku ya 7 huwa limefika kama theluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28. Ugumu unaousikia chini ya kiatu siku ya 4 ni wa kweli, ila haukuambii kama slabu itajibeba ukiivua mirunda.

Hizo siku 28 nazo zisikutishe. Ni makubaliano tu ya siku ya kupima nguvu. Ni wiki nne kamili, kyubu (kipande cha sampuli ya zege) iliyomwagwa Jumanne inabonyezwa kwa mashine hadi ivunjike Jumanne, na hakuna anayeitwa maabara Jumapili. Zege lenyewe halijui kalenda. Linajua joto na unyevu.

Waliolipia somo hilo ni wengine. Tarehe 27 Aprili 1978, huko Willow Island, jimbo la West Virginia, Marekani, mafundi walikuwa wanajenga mnara wa kupoozea maji wa mtambo wa umeme. Kila siku walimwaga pete moja ya zege yenye kimo cha kama mita moja na nusu, na jukwaa la kazi pamoja na mitambo ya kupandishia zege vilishikizwa kwenye ukuta uliomwagwa siku zilizotangulia. Mpango huo ulikuwa umeshafanya kazi pete baada ya pete. Usiku mmoja ukawa wa baridi. Asubuhi pete ya jana ilionekana kama nyingine zote, ngumu na ya kijivu. Wakaanza kupandisha zege la pete mpya, na ile ya jana ikabomoka, ikavuta jukwaa lote mduara mzima. Wafanyakazi 51 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kuwa zege la siku iliyotangulia halikuwa limepata nguvu ya kubeba mzigo ule.

Watu wakisikia kisa hiki husema, "Unaona? Haraka." Hapana. Pete moja kwa siku si dhambi. Kosa ni kwamba ratiba ilihesabu saa, wakati zege linahesabu joto, na hakuna aliyelipima kabla ya kulibebesha. Siku hizi tunazika vipima joto ndani ya zege. Vinasoma joto saa baada ya saa, nasi tunalinganisha na majaribio ya mchanganyiko uleule yaliyofanywa maabara, tunakadiria nguvu iliyopo. Kwa njia hiyo kuna siku nimeruhusu mirunda iondolewe kabla ya tarehe iliyoandikwa, na kuna siku nimeizuia baada ya tarehe hiyo kupita. Mara ya kwanza hushangiliwa. Mara ya pili huitwa mkaidi.

Sasa turudi kwa msomi wetu na mzani wake, haraka upande huu, ubora upande ule, kimoja kikipanda kingine kinashuka. Mzani huo hauelezi hata nusu ya ninayoyaona kazini. Kanisa kuu la Beauvais, Ufaransa, lilianza kujengwa mwaka 1225. Dari lake la mawe lilikamilika 1272, karibu nusu karne baadaye. Likaporomoka 1284. Hakuna aliyewakimbiza wale. (Na tafadhali, usiniambie "majengo ya zamani yalikuwa imara". Unayoyaona ni yale yaliyobaki. Yaliyoanguka hayapigwi picha.) Upande wa pili kuna bwawa la Hoover, Marekani, lililojengwa kati ya 1931 na 1935 na kumalizika zaidi ya miaka miwili kabla ya muda wa mkataba. Zege linapokomaa hutoa joto, na rundo kubwa namna ile lingechukua zaidi ya karne moja kupoa lenyewe, huku likipasuka. Wahandisi wakalimwaga kwa vitalu, wakalaza mabomba ndani, wakapitisha maji baridi. Hawakuruka hatua ya kupoa. Waliifanya iende haraka, kwa sababu walijua kinachotokea ndani ya zege.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni reli ya Tokaido Shinkansen ya Japani, nchi ambayo wakati huo ilikuwa inakimbia kweli. Ujenzi ulianza Aprili 1959, treni zikaanza kubeba abiria tarehe 1 Oktoba 1964, siku chache kabla ya Olimpiki ya Tokyo. Zaidi ya kilomita 500 kwa miaka mitano na nusu. Ndani ya mbio hizo walitenga kipande cha majaribio, wakaendesha treni juu yake tangu 1962. Halafu, na hapa ndipo wengi hupita bila kupaona, walipofungua hawakuziachia treni ziende kwa kasi iliyosanifiwa. Mwaka wa kwanza treni ya haraka zaidi kati ya Tokyo na Osaka ilitumia saa 4, kwa sababu tuta la udongo lilikuwa bado linakaa. Udongo mpya hushuka kwa wakati wake, hata uushindilie vipi. Wakasubiri huku wanafanya kazi. Novemba 1965 safari ikashuka hadi saa 3 na dakika 10. Tangu siku ya kwanza hadi leo hakuna abiria wa Shinkansen aliyekufa kwa treni kugongana au kuacha reli.

Si kwamba haikuwauma. Gharama ilikaribia kuwa maradufu ya makadirio ya mwanzo, na rais wa shirika la reli pamoja na mhandisi wake mkuu waliondoka kabla ya uzinduzi. Walilipa kwa fedha na kwa vyeo. Udongo hawakuuibia.

Kwa hiyo nikiambiwa "chagua", mimi huuliza: unataka kukata muda wa nani? Katika mradi kuna muda wa watu na muda wa vitu. Muda wa watu ni michoro inayobadilishwa mara tano, saini inayolala mezani, nondo zilizoagizwa kwa kuchelewa, kikao cha kupanga kikao. Huo unakatika, na ukikatwa hakuna kinachopasuka. Muda wa vitu ni zege kukomaa, udongo kukaa, weldi kukaguliwa, rangi ya kuzuia kutu kushika kabla ya mkono wa pili. Jamii inayokimbia kuelekea usasa hupoteza miezi upande wa kwanza, kisha hutafuta kuifidia kwa siku tatu za upande wa pili. Kwa nini? Kwa sababu muda wa watu una wenyewe, na wenyewe wana ofisi. Zege halina mdomo. Isitoshe, kungoja huonekana kama uvivu. Mafundi wakimwagilia slabu kwa wiki nzima, anayepita anaona watu wanaochezea mpira wa maji.

Lile jengo la ghorofa 57 la Changsha, Uchina, la mwaka 2015, ambalo kila mteja huniletea video yake, lilipandishwa kwa siku 19 za kazi kwa sababu vipande vyake vya chuma vilitengenezwa kiwandani kwa miezi kabla. Kamera haikuwa kiwandani.

Kuna jambo linalonikera zaidi: haraka inabebeshwa mizigo ya wengine. Korea Kusini ndiyo mfano unaotajwa sana. Daraja la Seongsu mjini Seoul lilifunguliwa 1979, likakatika asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1994, watu 32 wakafa. Weldi zilikuwa mbovu, na miaka 15 ilipita bila mtu kuzitazama ipasavyo. Unaweza kuilaumu haraka kwa weldi. Na hiyo miaka 15? Mwaka uliofuata, tarehe 29 Juni 1995, duka kubwa la Sampoong likaporomoka na kuua watu 502. Hapo ghorofa ya tano iliongezwa nje ya usanifu wa awali, nguzo zilipunguzwa unene, na mitambo mizito ya viyoyozi ikawekwa juu ya paa. Asubuhi hiyohiyo nyufa zilionekana, na wateja wakaachwa waendelee kununua. Hiyo si haraka. Ni tamaa, na ilikuwa na muda wa kutosha.

Hata hivyo nisijifanye nina majibu yote. Nchi hiyohiyo ilijenga barabara kuu ya Seoul hadi Busan, kilomita 428, kuanzia Februari 1968 hadi Julai 1970. Wafanyakazi 77 walikufa katika ujenzi huo, na barabara ile ikawa uti wa mgongo wa uchumi wao. Kuna mtu atakuja kuniuliza kama ingekuwa heri wangechukua miaka mitano. Kama mhandisi nasema ndiyo, bila kusita. Lakini mimi sikuishi kijiji kisicho na barabara mwaka 1968, na ninajua jibu langu linatoka kwa mtu ambaye tayari ana lami mlangoni.

Shaka yangu nyingine ni ya ndani ya kazi. Saruji ya leo husagwa laini zaidi kuliko ya babu zetu, na ina madini mengi zaidi yanayoleta nguvu mapema. Wakandarasi tuliipenda, mirunda inatoka haraka. Ile ya zamani iliyosagwa kwa ukali iliendelea kuongeza nguvu kwa miaka. Ya leo hutoa karibu kila ilichonacho mwanzoni, hutoa joto jingi, na hupenda kupasuka. Kwa hiyo mimi ninayemsuta mzee kwa kutokuwa na subira, natumia kila siku saruji iliyotengenezwa kwa ajili ya wasio na subira. Kyubu zangu za siku 28 zinafaulu vizuri sana. Za miaka 50 hakuna anayebonyeza.

Kuhusu ile slabu: vipima joto vilionyesha kuwa mirunda ingeweza kuanza kutoka Alhamisi mchana, siku mbili kabla ya tarehe niliyokuwa nimeandika. Nikamtumia mzee ujumbe kumpa habari njema. Akajibu baada ya dakika moja: "Kwa hiyo hata Jumatano ingewezekana?"