Uncle wako ni ami au mjomba?

Kijana alikuja kwenye dawati letu la tafsiri hapa Mombasa na karatasi mbili zilizokunjwa pamoja. Moja ilikuwa barua ya Kiingereza kutoka kwa dada wa bibi harusi, anayeishi Uingereza, ikieleza kwamba baba yao ameshafariki, kaka hawana, babu hayupo, na atakayemwozesha mdogo wake ni "uncle". Ya pili ilikuwa tafsiri iliyofanywa harakaharaka kwenye duka la kupiga chapa, nayo ikasema "mjomba". Shehe aliyetarajiwa kufungisha ndoa akaisoma, akairudisha: mjomba haozeshi. Nyumba nzima ikataharuki, na kadi zimeshagawiwa. Kumbe mzee mwenyewe ni ami yao, mdogo wa marehemu baba yao, baba mmoja mama mmoja. Tulibadilisha neno moja, ndoa ikapita.

Nalisimulia hili kwa sababu watu wengi wanadhani tofauti ya ami na mjomba ni adabu tu ya kuitana nyumbani. Sivyo. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, uwalii wa ndoa, yaani haki ya kumwozesha binti, hushuka kwa upande wa baba: baba, babu mzaa baba, kaka aliyechangia naye baba na mama, kaka aliyechangia naye baba tu, watoto wao wa kiume, kisha ami. Mjomba hamo kabisa, hata kama ndiye aliyemlea binti na kumlipia karo tangu chekechea. Kwenye mirathi ni vivyo hivyo. Ami ni asaba, yaani mrithi wa upande wa baba asiye na fungu maalumu. Wenye mafungu yao wakishachukua, naye hana aliye karibu zaidi wa kumzuia, kilichobaki ni chake. Mjomba yumo katika dhawil-arham, yaani jamaa wa damu wasio na fungu wala si asaba, na maadamu ami yupo, mjomba hapati kitu. Kwa kuwa Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 170, inaipa Mahakama ya Kadhi kazi ya kuamua ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, karatasi inayosema "uncle" bila ya zaidi inaweza kumpa mtu haki isiyo yake au kumnyima iliyo yake.

Sasa hapa pana jambo linalonifurahisha kila ninapolifundisha. Neno hilo la Kiingereza lilizaliwa mjomba. Warumi walikuwa na maneno mawili kama sisi: ndugu wa baba alikuwa patruus, ndugu wa mama avunculus, jina lililotokana na avus, yaani babu, likadogoshwa likawa kama "kibabu". Avunculus akaingia kwenye Kifaransa akakatwa miguu na mikono, akabaki oncle. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walifika na lugha yao, na baada ya muda neno likakaa midomoni mwa Waingereza. Waingereza wenyewe hapo kabla walikuwa na mjomba wao, eam, na ami wao, fædera. Wote wawili wakasahauliwa. Mjomba mmoja wa kuja akachukua nafasi ya ndugu wa baba, ndugu wa mama, mume wa shangazi na mume wa mama mdogo.

"Aunt" naye ana hadithi kama hiyo. Ametokana na amita wa Kilatini, na amita alikuwa shangazi halisi, dada wa baba. Dada wa mama aliitwa matertera, ambaye Kiingereza hakikumchukua. Kwa hiyo katika wanne, Kiingereza kimewabakisha mjomba na shangazi. Tazama sasa Kiswahili chetu: ndugu wa baba tunaweza kumwita baba mkubwa au baba mdogo, dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Waliopewa majina ya peke yao, wasioweza kuitwa baba wala mama, ni haohao wawili, mjomba na shangazi. Sisemi kwamba lugha hizi zimeambizana. Lakini mwanafunzi akiliona hilo mara moja, hasahau tena.

Misemo nayo inahitaji tahadhari, maana humo "uncle" mara nyingi si jamaa ya mtu. Uncle Sam ni serikali ya Marekani. Husemwa jina lilitokana na Samuel Wilson, mfanyabiashara wa nyama wa mji wa Troy, New York, aliyeuza chakula cha jeshi wakati wa vita vya 1812. Mtoto wa Kimarekani akikabwa na mwenzake akaambiwa aseme "uncle", anaambiwa akiri kushindwa. Na Waingereza wa zamani walimwita "uncle" mtu wa kuweka rehani, yule unayempelekea saa yako mwezi ukiwa mrefu.

Mgumu zaidi ni "Bob's your uncle", neno kwa neno "Bob ni uncle wako". Muingereza akishakueleza jinsi ya kufanya kitu, humalizia hivyo, kwa maana ya "basi, umemaliza". Wengi husimulia kwamba ulianza pale Waziri Mkuu wa Uingereza, Salisbury, jina lake la kwanza Robert, ambalo hufupishwa Bob, alipomteua Arthur Balfour kuwa waziri wa mambo ya Ireland mwaka 1887. Kasoro ya masimulizi hayo ni kwamba msemo wenyewe hauonekani kwenye maandishi hadi miongo kadhaa baadaye. Lililo hakika ni udugu: mama yake Balfour alikuwa dada wa Salisbury. Hapa angalau, basi, "mjomba" ni tafsiri sahihi. Mwaka 1902 mpwa akakirithi kiti chenyewe cha mjomba wake. Sisi tungesema nini? Kwamba kijana ana mtu.

Kinyume chake ni Hamlet wa Shakespeare. Klaudio anayemuua mfalme, baba yake Hamlet, na kumuoa mjane ni ndugu wa marehemu, kwa hiyo ni ami wa Hamlet. Ukimwita mjomba, umeiharibu tamthilia: mjomba hawezi kumuoa mama wa mpwa wake, ni dada yake!

Ukiwa unaandika Kiingereza kwa ajili ya ofisi yoyote, usiache "uncle" peke yake. Andika "paternal uncle" kwa ami, "maternal uncle" kwa mjomba, na kwa mume wa shangazi andika wazi kwamba ni mume wa shangazi. "Nephew" ana ugonjwa uleule. Hakuambii kama ni mpwa au mtoto wa kaka.

Tatizo jipya ni anko. Neno hili limeshakuwa letu, na mtoto wa Mombasa siku hizi humwita anko jirani, dereva wa gari la shule, na kila mwanamume anayekuja nyumbani na mfuko wa matunda. Ndiyo maana fomu ikifika mezani kwetu na "uncle" kwenye nafasi ya mlezi, hatuitafsiri kabla ya kupiga simu na kuuliza: ni ndugu wa nani? Mama mmoja alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Si ndugu wa mtu," akasema. "Alikuwa mpangaji wetu, tukamzoea."