Kidole Kilichoshika R1

Kazi yangu ni kubuni gemu, na wanafunzi wangu hawachoki kuniuliza: ikiwa gemu hainipi njia nyingine ya kupita, dhambi za mhusika zanihusu nini? Huwa nawawashia Shadow of the Colossus, gemu ya Fumito Ueda na wenzake wa Team Ico iliyotoka mwaka 2005 kwa PlayStation 2.

Kijana Wander anapeleka maiti ya msichana, Mono, katika nchi iliyokatazwa. Sauti iitwayo Dormin inamwambia aue majitu 16, huenda binti akafufuka. Humo hamna maadui wengine. Ni yeye, farasi wake Agro, upanga na upinde.

Twende kwa jitu la 13. Linaibuka mchangani, linapaa, linaelea juu ya jangwa kama nyoka mwenye mabawa. Halikushambulii kamwe. Ukisimama ukalitazama, litazunguka tu. Ni wewe unayeitoboa kwa mishale mifuko ya hewa ya tumboni mwake mpaka lishuke, mabawa yakiburuzika mchangani. Wewe unayemkimbiza Agro sambamba nalo, ukadandia. Halafu unashika manyoya, na hapa ndipo ulipo ufundi wa Ueda: kushika si kubonyeza mara moja, ni kuikandamiza R1, kitufe kilicho juu ya pedi, bila kuiachia, huku duara la nguvu kwenye skrini likipungua. Jitu likijitikisa, kidole chako kinakaza chenyewe. Ukilegea, unaanguka.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema hakuna hatia pasipo uchaguzi. Gemu ikikuuliza umwokoe mtu au umuue, unachagua jema, unalala usingizi wako. Hapa mkono umeshafanya kazi. Jitu linaanguka na unaopigwa ni muziki wa maombolezo. Nyuzi nyeusi zinatoka mwilini mwake na kumchoma Wander, naye kadiri anavyoua ndivyo anavyozidi kupauka.

Mwishoni upepo unamvuta kuelekea kisima cha hekaluni, na pedi bado inamtii mchezaji. Unaweza kung'ang'ania ngazi, ukakataa. Mwanafunzi wangu mmoja alikataa kwa dakika kadhaa, kimya, meno yameumana, kwa kidole kilekile kilichomaliza jitu la 13. Upepo haukukoma. Akaachia mwenyewe.